Makumbusho na Ardhi Yake: Kutoka Jangwa la Loiyangalani hadi Fizi na Baraka

Utangulizi

Neno makumbusho limeundwa vizuri. Linatokana na kukumbusha, wala si kukumbuka. Yaani, ndani yake mna mtu au kitu kinachomfanya mwingine akumbuke. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku neno hili limebeba picha moja tu: jumba la mjini lenye makabati ya vioo, tikiti mlangoni, na mlinzi anayewakataza watoto wasiguse. Dar es Salaam jina hilo limekuwa jina la mtaa na la kituo cha basi, kwa sababu ya Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa huko mwaka 1967. Katika Kivu wengi hutumia neno la Kifaransa lililogeuzwa matamshi kidogo, na kwa wanafunzi walio wengi jambo lenyewe ni la kusomwa vitabuni.

Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano uliopo baina ya jumba la namna hiyo na ardhi inayolizunguka. Tutaanza jangwani, kwa kuwa huko uhusiano huo unaonekana waziwazi. Kisha tutakwenda Fizi na Baraka, katika Kivu ya Kusini, mahali ambapo sanaa ya kuchonga ilifikia daraja ya juu, na ambapo sehemu kubwa ya kazi zake haiko tena nyumbani. Swali letu ni hili: ikiwa makumbusho ya eneo yanapaswa kufanana na nchi yake, makumbusho ya Fizi yangefanana na nini?

Somo la jangwani

Makumbusho ya Jangwa ya Loiyangalani yalifunguliwa mwaka 2008 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Yamejengwa juu ya kilima kinachotazama Ziwa Turkana, upande wa kusini-mashariki wa ziwa hilo. Nchi yote ya hapo ni mawe meusi ya volkeno, jua kali na upepo usiochoka. Upepo huo ndio uliowavuta wajenzi wa mitambo ya umeme kusimamisha minara 365 katika eneo lisilo mbali na hapo. Katikati ya ukavu huo limelala ziwa lenye maji ya magadi, ambalo rangi yake ya kijani kibichi imewafanya wageni walifananishe na johari.

Mtu asiyeijua nchi hiyo angeweza kudhani kwamba jangwa halina sanaa, kwa kuwa haoni sanamu kubwa wala nguzo zilizonakshiwa. Hilo ni kosa la macho. Jangwa limeilazimisha sanaa kuwa nyepesi. Nyumba ya Warendille na ya Wagabra hufumuliwa na wanawake, ikapakiwa juu ya ngamia, ikaunganishwa tena mahali penye malisho. Vyombo vya maziwa husukwa kwa nyuzi za mimea mpaka visivuje. Mturkana hubeba kigoda kidogo cha mti, ekicholong, ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulazia kichwa. Wael Molo, wavuvi wa ziwa hilo, wamekuwa wakifunga magogo ya mikoma na kuyafanya chelezo. Kila kitu hapo kina sababu mbili au tatu za kuwapo, na uzuri wake umo katika sababu hizo. Makumbusho yanayotaka kuieleza sanaa kama hiyo hayawezi kuinyanyua na kuiweka katika ukumbi mweupe wa Nairobi bila ya kupoteza nusu ya maelezo. Mtazamaji anahitaji kuusikia ule upepo.

Kuna jambo la pili, nalo kwa maoni yetu ni zito kuliko la kwanza. Jamii zinazolizunguka Loiyangalani, wakiwamo Waturkana, Wasamburu, Warendille, Wagabra, Wadasanech na Wael Molo, zimewahi kupigania mifugo, visima na malisho kwa muda mrefu. Makumbusho hayo yalianzishwa sambamba na tamasha la utamaduni ambalo huzikusanya jamii hizo mahali pamoja, kila moja ikijenga nyumba zake na kucheza ngoma zake mbele ya nyingine. Hayakupewa jina la kabila moja. Yalipewa jina la nchi: jangwa. Waliochagua jina hilo walijua walifanyalo.

Mfano mwingine, wa namna tofauti, uko Bujora karibu na Mwanza. Huko padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na Wasukuma wenyewe, alisimamisha Makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1960. Banda la mambo ya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Hapo jengo lenyewe linasema kabla ya vitu vilivyomo kusema. Aidha, kila mwaka huchezwa hapo ngoma za mashindano ya Bulabo, Wagika wakishindana na Wagalu, na watu wanaokuja kwa ajili ya ngoma ni wengi kuliko wanaokuja kusoma vibandiko. Jambo hili lisichukuliwe kuwa udhaifu.

Nchi ya Fizi

Teritwari ya Fizi imepakana na Ziwa Tanganyika upande wa mashariki. Ziwa hilo, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470 hivi, limelala kwenye mwinuko wa mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Kutoka ufukweni nchi hupanda upesi. Baraka iko chini, kando ya ghuba ambayo wageni waliipa jina la Burton, ikiikabili rasi ndefu ya Ubwari. Fizi yenyewe iko juu, kwenye vilima. Nyuma yake milima huendelea kupanda hadi Itombwe, ambako vilele hupita mita 3,000 na misitu ya baridi inatoa maji ya mito mingi.

Kwa hiyo mtu anaweza kutoka, katika safari ya siku chache tu, kwenye mitumbwi ya wavuvi wa mikeke na dagaa, wanaovua usiku kwa taa, akapita kwenye mashamba ya mihogo na michikichi, akafika kwenye malisho ya ng'ombe na msitu wa wawindaji. Ni kinyume cha Turkana kwa kila hali. Kule tatizo ni ukavu. Hapa ni unyevu. Kule mti ni adimu. Hapa mti ni mwingi, lakini mchwa na dumuzi wanaula kabla mjukuu hajakua.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mwanamakumbusho. Ngozi na mti vikiachwa mahali pakavu vinaweza kudumu karne nyingi. Katika Fizi kitu cha mti hakidumu kwa kuhifadhiwa. Kinadumu kwa kuchongwa upya. Kilichorithiwa hasa si gogo bali ni ujuzi: ni nani anayeruhusiwa kuchonga, ni kwa ajili ya nani, na ni maneno gani yanayosemwa wakati kitu kinapoingia kazini. Mkondo wa ujuzi ukikatika kwa kizazi kimoja, msitu mzima wa miti haufai kitu.

Wenyeji ni wengi. Babembe ndio wengi zaidi, na lugha yao, Kibembe, ina udugu wa karibu na Kilega. (Tunaandika Babembe na Babuyu, kama wenyewe wanavyojiita, badala ya kuwavisha kiambishi cha pwani.) Wako pia Babuyu, Bazoba na Babwari wa ufukweni, Bafuliiru, Banyamulenge wa nyanda za juu, na wengineo. Kiswahili kilifika kwa njia ya ziwa pamoja na misafara ya karne ya 19, kikashika mizizi Ubwari na Baraka kwanza, ambako Uislamu nao una historia ndefu, kisha kikapanda milimani pamoja na shule, makanisa, masoko na majeshi. Leo ndicho kinachowaunganisha watu hao wote, na tutaona kwamba kinaleta pia mitego yake.

Vitu na mahali pake

Tuangalie sasa sanaa yenyewe. Babembe walipokuja kutoka magharibi na kaskazini-magharibi, waliwakuta milimani wawindaji wa asili mbalimbali, na baadhi yao, kama vile Basikasingo, waliingizwa katika jamii mpya huku wakibaki na mila zao. Msingi wa jamii ya Kibembe ulikuwa ukoo, kijiji, na vyama vya siri ambavyo watu waliviingia kwa ngazi. Bwami kilikuwa chama kimojawapo, kilichofahamika zaidi kwa Walega. Alunga na elanda vilikuwa vingine.

Barakoa ya alunga ndiyo iliyowashangaza zaidi wageni. Ni kama pipa la mti linalofunika kichwa chote hadi mabegani. Ina nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila uso una macho makubwa yaliyochimbwa ndani na kupakwa rangi nyeupe. Juu hupachikwa manyoya ya ndege na miiba ya nungunungu. Chini huteremka vazi la nyuzi na majani linalouficha mwili wa mchezaji. Anayeitazama hawezi kuizunguka nyuma: popote asimamapo, anatazamwa. Lakini jambo linalotuhusu hapa ni makao yake. Barakoa hiyo haikukaa nyumbani. Ilifichwa pangoni, nje ya kijiji, ikatoka kwa siku zake maalumu ikiambatana na nyimbo na sauti iliyobadilishwa, kisha ikarudi. Wanawake na watu wasioingizwa chamani hawakupaswa kujua habari zake za ndani.

Basi pango na msitu vilikuwa sehemu ya kitu hicho, kama vile ala ilivyo sehemu ya upanga. Tunapoiona leo katika picha za vitabu vya sanaa, imeangazwa kwa taa kutoka pande tatu, haina manyoya, haina vazi, haina sauti, na imesimamishwa juu ya chuma chembamba. Tumeonyeshwa kipande cha mti. Alunga hatujaiona.

Barakoa za elanda zilikuwa za namna nyingine: kifuniko cha ngozi au kitambaa kilichoshonewa shanga na simbi. Simbi zenyewe zinasimulia habari. Zilitoka Bahari ya Hindi zikabebwa mabegani, kituo kwa kituo, hadi milima ya Itombwe, kwa hiyo katika uso mmoja wa barakoa pwani na bara vimeshonwa pamoja. Jando la butende nalo lilikuwa na barakoa zake za ubao bapa, zenye jozi mbili za macho, na umbo lake ni rahisi mno kiasi kwamba mtazamaji wa leo angeweza kulidhania kuwa kazi ya mchoraji wa Paris wa miaka ya 1920. Heshima hiyo kwa kweli inapaswa kugeuzwa kichwa chini: ni wachoraji wa Paris waliojifunza kutoka Afrika.

Mbali na barakoa kulikuwa na sanamu za mababu. Hizo zina mabega mapana, kichwa kikubwa, ndevu zilizokatwa kwa mistari iliyonyooka, na mikono iliyotulia tumboni. Kila moja ilikuwa na jina la mtu, mkuu wa ukoo aliyekufa, na ilitunzwa na mrithi wake katika kibanda kidogo. Zilipokuwa kadhaa pamoja ziliunda orodha ya nasaba iliyoweza kuonekana kwa macho. Kwa watu wasioandika, kibanda kile kilikuwa kumbukumbu ya milki na ya haki: nani alitangulia kufika, nani ana haki ya kuwinda bonde gani. Kukiondoa kilikuwa sawa na kuchoma daftari la ardhi.

Nani alichonga? Hapa wataalamu wamegombana. Wafanyabiashara wa Ulaya waliziita sanamu hizo za Kibembe, au za Kiboyo, au za Kibuyu, kwa jinsi soko lilivyopenda. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti katika nchi hiyo kuanzia mwaka 1949 akiwa chini ya taasisi ya utafiti ya kikoloni iliyokuwa na makao Lwiro, alitoa mwaka 1981 kitabu kizima juu ya utata huo, akieleza kwamba nyingi za sanamu hizo ni za wawindaji waliowatangulia Babembe. Hoja yake ni muhimu kwa sababu inatuonya tusiandike jina moja la kabila chini ya kila kitu na kudhani tumeeleza. Mtu wa Fizi anaweza kuwa Mbembe kwa lugha, Mbuyu kwa ukoo wa mababu, na Mswahili kwa sokoni. Sanamu yake pia.

Jinsi vilivyoondoka

Kuondoka kwa vitu hivi hakukuwa tukio moja. Upande wa kusini wa ziwa tunao mfano unaojulikana kwa tarehe. Mwezi Desemba 1884 watu wa luteni Émile Storms, aliyekuwa na kituo Mpala, walikivamia kijiji cha Lusinga, chifu wa Kitabwa. Lusinga aliuawa akakatwa kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, na sanamu ya mababu zake pia, ambayo hatimaye iliingia katika makumbusho ya Tervuren. Fizi haina kisa kilichoandikwa kwa ukamilifu kama hicho, lakini njia zilizotumika zinaeleweka: maofisa waliochukua, wamisionari waliodai wanaobatizwa waviache vitu vya mizimu, na watu waliouza kwa shida. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha bwami. Chama kikipigwa marufuku, vifaa vyake hubaki kama vyungu vya nyumba iliyohamwa. Yeyote anaweza kuviokota.

Kisha zikaja vita. Uasi wa Wasimba ulifika Fizi na Baraka mwaka 1964. Tarehe 28 Novemba ya mwaka huo waliuawa huko wamisionari watatu wa Xaverian pamoja na padri mzalendo Albert Joubert, ambao Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mwaka 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akakaa miezi saba hivi katika milima hiyo. Laurent-Désiré Kabila aliendelea kuishikilia sehemu ya milima kwa miaka mingi baada ya hapo. Katika hali kama hiyo mwenye kibanda cha mababu hukimbia na watoto, si na sanamu. Na vita vya 1996 na 1998 viliwavusha makumi ya maelfu hadi Tanzania, wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma.

Serikali ya Zaire, kwa upande wake, iliunda taasisi ya makumbusho ya taifa mwaka 1970, na katika miaka ya 1976 hadi 1982 ilirudishiwa na Tervuren vitu 114. Idadi hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na vitu vya utamaduni zaidi ya 120,000 vilivyomo katika jumba lile la Ubelgiji. Makusanyo makubwa ya taasisi yalikaa Kinshasa na Lubumbashi, na jumba jipya la taifa lilifunguliwa Kinshasa mwaka 2019 kwa msaada wa Korea ya Kusini. Kwa mtu wa Baraka, Kinshasa ni mbali kuliko Nairobi. Kwa njia ya maji anaweza kuyafikia makumbusho ya Ujiji, ng'ambo ya ziwa, ambako ataona sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana mwaka 1871. Hatuwalaumu wa Ujiji. Jambo lilitokea kwao. Lakini ni ajabu kidogo kwamba mtoto wa Fizi akitafuta sanamu ya kutazama katika ukanda wake, anaweza kukutana na Wazungu wawili.

Jumba la namna gani?

Turudi sasa kwenye swali letu. Kwanza, mahali. Mgeni angependa kujenga ufukweni Baraka, kwa uzuri wa ghuba. Asithubutu. Ziwa Tanganyika lilipanda katika miaka ya 2020 na 2021 na tena mwaka 2024, likafunika nyumba na barabara katika miji ya kando yake. Pili, umbo. Babembe wanalo jengo lao la kukumbushana: lubunga, mahali pa wanaume wa kijiji, ambapo mashauri husikizwa, wageni hupokewa, na nasaba husemwa. Liko wazi pembeni, hupitisha hewa, na moshi wa moto wake huwafukuza wadudu. Mhandisi anayepambana na unyevu kwa kufunga madirisha na kuwasha mashine, mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, angefaidika akikaa lubunga kwa jioni moja. Tatizo la lubunga ni kwamba ni mahali pa wanaume. Wafinyanzi wa vyungu na wasukaji wa mikeka ni wanawake, na jumba lisilo na nafasi yao litakuwa limeonyesha nusu ya nyumba.

Tatu, na hapa hatuna budi kusema wazi, jina na wenyewe. Makumbusho yakiitwa ya Babembe, jirani atauliza yeye yuko wapi. Katika nyanda za juu za Fizi na Itombwe watu wameuana kwa sababu ya swali la nani mwenyeji na nani mgeni, na kila upande una orodha yake ya waliokufa. Kibanda cha mababu, tumesema, kilikuwa ushahidi wa haki ya ardhi. Kukiweka ndani ya jumba la umma ni kutoa hoja katika kesi ambayo haijakwisha. Wako watakaosema kwamba kwa sababu hiyo ni afadhali kungoja amani. Sisi hatukubali. Loiyangalani hapakungojwa wizi wa mifugo uishe. Lililofanyika ni kuipa nchi nafasi ya kwanza na makabila nafasi ya pili. Huku kwetu nchi ni ziwa na mlima, na hakuna jamii ya Fizi isiyoishi kwa kimojawapo: mtumbwi, kibuyu cha maziwa, wavu wa kuwindia na chungu cha mawese vinaweza kukaa safu moja bila ya kuulizana hati.

Kuhusu barakoa ya alunga, swali ni gumu zaidi, na pengine jibu lake ni kutoionyesha. Jumba linaweza kuwa na chumba ambacho si kila mtu huingia, au kuacha nafasi tupu yenye maelezo kwamba kitu cha hapa kinaishi pangoni. Katika nchi nyingine, kama vile Australia, yapo makumbusho yanayotunza vitu vya siri kwa masharti ya wenyewe. Si jambo la kubuniwa.

Mtego wa maneno

Jambo la mwisho linawahusu wasomaji wa taarifa hii moja kwa moja, kwa kuwa ni la lugha. Tuandike nini kwenye kibandiko?

Tukisema kinyago, msomaji wa Tanzania ataona mpingo wa Kimakonde ulio tayari kuuzwa kwa mtalii. Kwa asili neno hili lilihusu pia ngoma za kuvaa uso wa bandia, lakini soko limelipunguza. Barakoa linafaa zaidi kwa kitu kinachovaliwa, ingawa tangu mwaka 2020 wengi hulifikiria kama kitambaa cha kujikinga na maradhi. Neno linaloleta hatari kubwa zaidi ni sanamu, ambalo sisi wenyewe tumelitumia humu. Kiswahili cha Fizi kimekuzwa na kanisa na msikiti, na katika vyote viwili sanamu ni kitu kilichokatazwa kuabudiwa. Kibandiko kisemacho "sanamu ya babu" kinamwambia muumini, kabla hajatazama, kwamba babu yake alikuwa mshirikina. Mahali pengine tungeweza kusema "mfano wa babu", au "kumbukumbu ya" likifuatiwa na jina lenyewe la marehemu, ikiwa linajulikana. Mzimu nalo limeharibiwa vivyo hivyo: lilikuwa jina la wafu wanaoangalia walio hai, leo linatisha watoto.

Kwa hiyo tunaona kwamba jina la kwanza liwe la Kibembe, Kibuyu au lugha nyingine ya mwenyewe, na Kiswahili kifuate kwa maelezo, wala kisiwe tafsiri ya neno kwa neno. Kazi hiyo haihitaji jumba. Mwezi Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu 84,000 hivi vilivyoko Tervuren, na mwezi Juni mwaka huo mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa ya Kakuungu ya Wasuku kwa mkopo usio na kikomo. Mjadala wa kurudisha vitu utaendelea kwa miaka, na vita havijauacha upande wetu: Bukavu ilitekwa Februari 2025. Lakini orodha ni karatasi, na karatasi inaweza kuvuka ziwa. Sehemu yake inayohusu Fizi ikipatikana, yenye picha, ingeweza kuwekwa mbele ya wazee wa Baraka, wa Fizi na wa Nyarugusu kwa zamu, kila mmoja akaulizwa maswali matatu: hiki kinaitwaje, kilikaa wapi, na nani aliruhusiwa kukitazama. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti na Kibembe cha nyumbani anaweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja. Walioingizwa alunga kabla ya mwaka 1964 sasa wamepita miaka themanini.